Namna ya kuwaenzi marubani wa polisi waliofia kazini

Ndugu yangu, umeuliza jinsi kikundi chenu cha askari wastaafu kinavyoweza kuwaenzi marubani wa polisi waliofia kazini bila kuwatonesha wafiwa kidonda. Kabla ya kuchonga jiwe au kupanga gwaride, nendeni kwanza kwa wafiwa, mwaulize wangependa mpendwa wao akumbukwe vipi, kisha mheshimu jibu lao hata likiwa kwamba wanataka kuachwa kimya.

Kumbukeni ajali ya tarehe 10 Juni 2012, ambapo helikopta ya polisi iliyotoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kuelekea Ndhiwa, ilianguka Kibiku, Ngong, na kuua watu wote 6 waliokuwamo. Taifa lilimlilia Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya, George Saitoti, na naibu wake Orwa Ojode, na lilistahili kulia. Lakini marubani Nancy Gituanja na Luke Oyugi, pamoja na walinzi Joshua Tonkei na Thomas Murimi, mara nyingi hutajwa mwishoni, jambo ambalo hadi leo linaniuma. Kwa hiyo majina yote yaandikwe kwa herufi za ukubwa mmoja, na anayesoma hotuba aeleze kazi ambayo kila mmoja aliifanya angani. Maua yatosha, michango ipelekwe kwenye karo za watoto walioachwa.