Teknolojia ya bahari serikalini: mtafute anayeandika dokezo

Vyama vyetu vya kitaaluma vina desturi moja. Kila mwaka kunafanyika kongamano, mgeni rasmi anafungua, siku ya mwisho yanasomwa maazimio kumi na kitu, picha ya pamoja inapigwa, basi. Maazimio yanapelekwa wizarani na barua ya utangulizi. Baada ya hapo hakuna anayejua yamefikia wapi.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya sera ya chama cha wataalamu wa bahari hapa Dar es Salaam. Naandika kwa ajili ya wenzangu wahandisi wa meli, wapima kina, mabaharia na watafiti wanaotaka serikali iwekeze kwenye vifaa vya bahari na hawajui waanzie wapi. Mimi nasema waanzie kwa afisa anayeandika dokezo.

Barua ya chama ikifika wizarani inapokelewa masijala, inagongwa muhuri, inaingia kwenye jalada. Inapanda kwa Katibu Mkuu, inashuka kwa mkurugenzi, inashuka tena kwa afisa mwenye eneo hilo. Huyo afisa ndiye anayekaa na kuandika dokezo la kumshauri bosi wake: jambo ni hili, sheria inasema hivi, gharama ni kiasi hiki, napendekeza tufanye vile. Ukimpelekea maazimio yanayosema "serikali iongeze uwekezaji katika teknolojia ya bahari", umempa kazi asiyoweza kuifanya. Ataandika "tumepokea, yatazingatiwa", na hatakuwa amekosea. Mpe kitu anachoweza kukihamishia kwenye dokezo lake karibu kilivyo.

Kwa upande wetu ugumu ni mkubwa zaidi kwa sababu bahari haina wizara moja. Uvuvi uko kwake, meli na bandari ziko uchukuzi, upimaji na ramani uko ardhi, nyaya za mawasiliano chini ya bahari ziko mawasiliano, gesi ya kina kirefu iko nishati. Zanzibar wana Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi na Baraza lao la Wawakilishi, na wanastahili andiko lao wenyewe, si nakala ya lile la Dodoma. Hata Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu ni ya pande zote mbili za Muungano. Ukisema "serikali" bila kutaja fungu, yaani sehemu ya bajeti ya wizara husika, umesema na hewa.

Chukua mfano wa kituo cha kupima kujaa na kupwa kwa maji, kitu tulichokipigania sana. Bandari inakihitaji ili meli zisikwame. Watu wa hali ya hewa wanakihitaji kwa tahadhari ya tsunami. Desemba 2004 mawimbi yaliyotoka Sumatra yaliua watu hadi pwani yetu. Wapima ramani wanakihitaji, na watafiti wa kupanda kwa kina cha bahari ndio usiseme. Taasisi nne zinakitaka, na kila moja inadhani nyingine ndiyo inayokilipia. Kazi ya kwanza ya chama ilikuwa kuwakalisha wahusika hao chumba kimoja na kukubaliana nani atakuwa mwenye mali na nani atakuwa mtumiaji. Tulifanya hivyo kabla ya kuomba hata shilingi moja.

Andiko lenyewe lilikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza kituo kinafanya nini na sheria gani inampa mhusika jukumu hilo. Wa pili ulikuwa jedwali la gharama, na huo ndio uliosomwa. Kihisio cha rada kinachotazama maji kutoka juu ya gati kilikuwa mstari mmoja tu. Iliyobaki ilikuwa betri ya kubadilishwa, paneli ya sola na uzio wake (sola huibwa), bando la laini inayotuma takwimu, nauli na posho ya fundi, na upimaji wa kila mwaka wa kuhakikisha nguzo haijazama. Afisa mmoja wa mipango alituambia hajawahi kupokea ombi la wataalamu lenye bei ya bando ndani yake.

Hapa ndipo naomba tusikilizane, maana ndipo tunapopoteza zaidi. Vifaa vya bahari mara nyingi huja kwa mradi wa wafadhili, kwa fedha za maendeleo. Mradi ukiisha, matengenezo yanatakiwa yatoke kwenye matumizi mengineyo ya taasisi, yaani fedha za uendeshaji wa kila siku zisizo mishahara, na huko hakuna kasma (kifungu cha bajeti) iliyoandaliwa. Maji ya chumvi hayasubiri. Chuma kinaliwa, viumbe vinaota juu ya vihisio vilivyo majini, programu inapitwa na wakati, na ndani ya muda mfupi una mashine ya mamilioni iliyofunikwa turubai. Kwa hiyo chama kisione haya kwenda wizarani kuomba fedha za kutunza kilichopo badala ya kipya. Kazi hiyo ya kutunza haipigiwi picha, lakini ndiyo inayoweka takwimu zikiendelea kuja mwaka hadi mwaka, na takwimu za bahari zenye pengo hupoteza thamani kubwa.

Kuna suala la kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ukifika Dodoma mwezi Juni na andiko lako umechelewa sana. Novemba Bunge linajadili mapendekezo ya mpango, na mwongozo wa bajeti unawafikia maofisa masuuli, wale wanaowajibika kwa fedha za kila taasisi. Kuanzia hapo hadi Februari watu wa mipango wanajaza makadirio. Machi kamati za kudumu za Bunge zinapitia randama, yaani maelezo ya kina ya makadirio ya kila wizara, na Aprili Bunge la bajeti linaanza. Nafasi ya chama iko Novemba hadi Februari kwa maofisa, na Machi kwa kamati. Mbunge wa jimbo la pwani anaweza kuuliza swali zuri Mei, lakini kwa kawaida swali hilo linajenga bajeti ya mwakani.

Hata hivyo, yako matukio yanayofungua mlango nje ya kalenda. Mei 2024 Bunge likiwa kwenye kikao cha bajeti, kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4, na mvua zake zikakata barabara ya kusini mkoani Lindi. Siku nane baadaye, tarehe 12, nyaya za EASSy na SEACOM, zinazopita chini ya bahari kuleta intaneti Afrika Mashariki, zikapata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchi nzima. Wiki ile kila mtu alitaka kujua kilichoko chini ya bahari. Sisi tulitoa ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kuwaeleza wabunge namna waya uliokatika unavyokarabatiwa: kituo cha nchi kavu kinatuma mwanga na kupima muda wa kurudi kwake ili kujua umbali wa hitilafu, meli maalumu inakwenda, inaburuta nanga ya kukamatia, inapandisha ncha moja na kuifunga kwenye boya, inatafuta ncha ya pili, kisha mafundi wanaunganisha kipande kipya ndani ya meli. Waya wenyewe kwenye kina kirefu ni mnene kama mpira wa kumwagilia bustani. Meli za kazi hiyo ni chache duniani, kwa hiyo kuisubiri kunaweza kuwa sehemu kubwa ya muda wote. Hatukulaumu mtu wala kuomba fedha. Wiki zilizofuata tulipigiwa simu na watu ambao awali hawakujibu barua zetu. Andaeni kurasa za namna hiyo mapema, moja kwa kila jambo linaloweza kutokea baharini, ziwe zimekwisha kukaguliwa na wataalamu.

Kwa anayedhani mambo haya hayawezekani, kuna historia ya Marekani ninayoipenda. Mwaka 1963 mwanasayansi Athelstan Spilhaus alisimama kwenye mkutano wa chama cha wataalamu wa samaki, American Fisheries Society, kule Minneapolis, akapendekeza vyuo vya bahari vipewe ruzuku kama vyuo vya kilimo vilivyopewa ardhi kwa sheria ya 1862. Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island akalichukua wazo hilo na kulifanya muswada, na Oktoba 1966 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya Sea Grant. Miaka mitatu tu. Wazo lilisafiri haraka kwa sababu kila mbunge tayari alikijua chuo cha kilimo cha jimboni kwake. Nasi tulipolinganisha kituo chetu na vituo vya hali ya hewa, ambavyo tayari vina kasma, mazungumzo yalilainika mara moja.

Jambo jingine ni nani anasaini. Wanachama wetu wengi ni watumishi wa umma, na si haki kuwaweka mbele kuishinikiza wizara inayowalipa mshahara. Wachangie utaalamu, barua isainiwe na mhadhiri au mstaafu. Mwanachama anayeuza vifaa aseme wazi kikaoni kabla ya mjadala, kisha asishiriki kuandika vigezo vya kifaa. Jina la kampuni likionekana kwenye andiko la chama, afisa hatakuamini tena, na atawaambia wenzake.

Fedha zikitengwa, kazi haijaisha, kwa maana kutengwa ni kitu kimoja na kutolewa ni kingine. Robo ya kwanza ikimalizika Septemba, mwandikieni afisa yule yule mumuulize kama zimetoka. Kama hazijatoka, mpeni nusu ukurasa wa kuonyesha kituo kimekosa nini katika miezi hiyo mitatu, tarehe kwa tarehe, ili awe nao mkononi kamati za Bunge zitakapokutana Januari.