Jifunze "borrow" pamoja na "lend"

Nilipoanza kazi ya ukarani katika duka la kukodisha vifaa vya ujenzi, Kariakoo, nilimwandikia mteja mmoja mgeni: "On Friday we will borrow you a generator." Nilikusudia kumwambia kwamba tungemwazima jenereta bila malipo wakati yake ikitengenezwa. Yeye aliyasoma maneno hayo kama ombi letu, akajibu kwa upole kuwa haitawezekana, nasi tukadhani amekataa msaada. Ijumaa hiyo mafundi wake walishinda bila umeme.

Tangu kidato cha kwanza, Kiingereza kilipokuwa lugha yetu ya kufundishiwa, nilikuwa nimekariri kwamba "borrow" ni kuazima, na hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba kuazima kwetu kunatazama pande zote mbili: nimeazima mwavuli kwa jirani, na jirani ameniazima mwavuli. Upande tunautambua kwa kiambishi cha mtendwa na kwa neno "kwa", lakini Waingereza wameuweka ndani ya kitenzi chenyewe: anayepokea hutumia "borrow", ambalo hufuatana na "from", na anayetoa hutumia "lend". Tena maneno hayo hayabagui fedha na vitu, ilhali sisi kwa kawaida tunaazima mwavuli na kukopa fedha, ingawa mitaani utasikia pia "niazime elfu kumi".

Kwenye "rent" mambo yanageuka, na hapo ndipo nilipofumbuka macho. Sisi tunatenganisha: mpangaji wa Sinza anapanga chumba, mwenye nyumba anakipangisha. Neno "rent" linawabeba wote wawili, na hata kodi yenyewe huitwa hivyo hivyo. Kwa upande wa mwenye nyumba Waingereza wana pia "let", ndiyo maana mabango ya nyumba za kupangisha huandikwa "To Let". Gari la siku mbili Mwingereza husema "hire" na Mmarekani "rent", lakini neno "hire" likitumika kwa mtu, mara nyingi maana yake ni kumwajiri.

Kwa hiyo nakusihi usiandike daftarini neno moja na tafsiri moja. Andika ukoo mzima katika ukurasa mmoja, kisha chini yake simulia tukio moja mara mbili, kila mara kwa kinywa cha mtu mwingine. Ukurasa wangu unasema: "I borrowed an umbrella from my neighbour. My neighbour lent me an umbrella." Mwavuli ni uleule na mvua ni ileile, aliyebadilika ni mtendaji.

Koo nyingine hazihitaji hadithi. Kwa "hand" na "arm", ambazo sisi tunaziita zote mkono, mchoro wa mwili unatosha. Kwa "say" na "tell", Kiswahili chenyewe kinakusaidia: "say" ni kusema, na "tell" mara nyingi ni kuambia, kitenzi kisichokaa bila mtu anayeambiwa. Ukiona huwezi kusema "aliambia" ukaishia hapo, basi usiandike "she told that" bila kumtaja aliyeambiwa.