Ukipewa dawa ya sonona, ED ifuate kalenda ya dawa

Mtu anafika zahanati kichwa kizito, mwili unauma, usingizi unakatika saa tisa usiku na moyo unamwenda mbio. Anapewa dawa za malaria na ED, karatasi ya daktari ya kupumzika kazini, ya siku tatu. Baada ya wiki mbili yuko palepale, safari hii ameambiwa taifodi, ED nyingine ya siku tatu. Hapa Kigoma hilo haliwashangazi wengi, kwa kuwa malaria ipo kweli na ndiyo inayofikiriwa kwanza. Lakini kama vipimo vinarudi safi na hizo ED za siku tatu tatu zimeshafika nne au tano ndani ya miezi michache, zikusanye, mpelekee daktari zote kwa pamoja, na useme wazi: hamu ya mambo imeniisha, nalia bila sababu, hata chakula sikitaki. Maneno hayo ndiyo yatakayomfanya afikirie sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, au wasiwasi uliopitiliza. Ukitaja kichwa tu, utatibiwa kichwa.

Tunaloshauri ni hili: siku dawa ya sonona inapoandikwa, siku hiyohiyo ED na namna ya kurudi kazini vipangwe pamoja, na mgonjwa atoke na tarehe mkononi. Vikipangwa mbalimbali, ama mtu anarudi kazini wakati dawa inamletea kichefuchefu na faida yake bado, ama anakaa nyumbani miezi na miezi mpaka kazi yenyewe inageuka kuwa kitu cha kuogopa.

Kwanza pimeni ukubwa wa tatizo. Iwe Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, au hospitali ya wilaya, unaweza kuulizwa maswali tisa ya dodoso la PHQ-9, lenye alama 0 hadi 27. Alama 5 hadi 9 ni sonona nyepesi, 10 hadi 14 ni ya kati, 15 hadi 19 inaelekea nzito, 20 kwenda juu ni nzito. Kwa iliyo nyepesi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauanzi na vidonge, unaanza na tiba ya mazungumzo na kupanga upya usingizi na shughuli za siku. Omba pia wakuangalie wingi wa damu na, ikiwezekana, tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kwa ulegevu huleta uchovu unaofanana kabisa na sonona. Na kama umewahi kuwa na kipindi ambacho hulali, unaongea mfululizo, unamwaga hela na unajiona hakuna wa kukuzuia, lisemwe kabla dawa haijaandikwa. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kukirudisha kipindi hicho.

Dawa mbili utakazokutana nazo zaidi ni fluoksetini na amitriptilini. Fluoksetini huja kama kapsuli ya miligramu 20, humezwa moja asubuhi baada ya kula. Wiki mbili za mwanzo ndizo ngumu: kichefuchefu, kichwa, tumbo kuvurugika, usingizi kukimbia, na wengine hujisikia hawatulii ndani ya mwili wao. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na huwezi kusema dawa imeshindwa kabla ya wiki nne hadi sita kwenye dozi inayotosha. Maana yake, madhara yanatangulia na faida inafuata nyuma. Hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. ED imeisha siku ya saba, mwili umezidi kuchafuka, mgonjwa anaamua kuwa dawa ni sumu na kuitupa. Mwezi unaofuata anaomba ED nyingine kwa tatizo lilelile, na kalenda inaanza upya.

Amitriptilini ni vidonge vya miligramu 25, humezwa usiku, na hupandishwa kidogo kidogo kila wiki. Kidonge kimoja huleta usingizi tangu siku za kwanza, kwa hiyo wengi hubaki hapohapo wakidhani wako kwenye tiba. Kwa mtu mzima dozi ya chini inayotibu sonona ni miligramu 75. Miezi mitatu kwenye miligramu 25 haitoshi kusema dawa haikufai, dozi tu haijafika. Tegemea kinywa kukauka, choo kigumu, macho kuona ukungu na kizunguzungu ukisimama ghafla. Mwenye ugonjwa wa moyo, au mwanamume mzee anayekojoa kwa shida, aseme kabla hajaandikiwa.

Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja inaweza kuua kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Kama mgonjwa ana mawazo ya kujidhuru, ndugu mmoja azitunze na kumpa za usiku mmoja mmoja, na hospitali itoe za wiki moja au mbili badala ya mwezi. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe zaidi wiki za mwanzo, hata wakiwa kwenye fluoksetini, kwa sababu mawazo hayo yanaweza kuongezeka kabla nafuu haijaja. Akianza kuaga watu au kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kuna jambo linalosahaulika sana kwetu. Ukiugua malaria ukiwa kwenye amitriptilini, mwambie anayekuandikia dawa ya mseto, kwa kuwa lumefantrini iliyomo ndani yake inaweza kupandisha kiwango cha amitriptilini mwilini, na mapigo ya moyo yanahitaji kuangaliwa. Vilevile usichanganye fluoksetini na tramadoli ya maumivu bila daktari kujua. Diazepamu nayo huwatuliza watu vizuri usiku wa kwanza, lakini haitibu sonona, na ukiizoea kwa wiki kadhaa kuiacha ni kazi kubwa.

Sasa ED yenyewe. Kwa mtu mwenye sonona ya kati na kazi ya ofisini, dukani au darasani, mpango tunaoupenda ni huu. Siku 14 za kukaa nyumbani kabisa, zinazofunika siku mbaya za dawa. Siku ya 14 arudi kliniki aonekane, hata kama hajisikii chochote. Kisha kazi nyepesi hadi wiki ya sita: nusu siku, au siku tatu kwa wiki, na kwa mwalimu vipindi vya asubuhi tu bila zamu. Wiki ya sita maswali tisa yaulizwe tena. Alama zikiwa zimeshuka kwa nusu, anaingia kazi kamili. Zikiwa hazijasogea, dozi ndiyo iguswe kabla ya kuongeza siku za kukaa nyumbani. Sonona nzito inahitaji zaidi ya hapo, ila bado iandikwe kwa vipande vya wiki mbili au nne, na kila kipande kiwe na miadi yake.

Karatasi nyingi za ED zina mstari mmoja tu: apumzike siku kadhaa. Mwombe daktari aongeze kwa mkono kile usichoweza na kile unachoweza, kwa mfano "asifanye zamu ya usiku, asiendeshe gari, anaweza kazi za ofisi saa nne kwa siku". Uingereza walibadilisha fomu yao mwaka 2010 ikawa na sehemu ya "anaweza kufanya kazi kwa masharti", na sisi hakuna kinachotuzuia kuandika hivyo kwa kalamu. Jina la ugonjwa si lazima lisomwe na ofisi nzima. Mwajiri anachohitaji kujua ni uwezo wako na tarehe.

Mapumziko ya kitandani peke yake huongeza sonona. Amka saa ileile, oga, toka nje kabla jua halijawa kali, fanya kazi moja ndogo yenye mwisho, na pombe iwekwe kando. Wiki ya pili mpigie simu mfanyakazi mwenzako mmoja, dakika tano zinatosha.

Ukisikia kuwa wanaotumia dawa hizi hukaa likizo ya ugonjwa muda mrefu kuliko wasiotumia, usiikimbie dawa kwa hilo. Aghalabu wanaoandikiwa ni wale waliokuwa hoi zaidi tangu mwanzo. Kinachochelewesha zaidi ni dawa kuanza baada ya miezi ya kuzunguka, na dozi ndogo isiyopandishwa.

Kwenye sheria kuna hesabu ya kufanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ukichukua miezi mitatu mfululizo, siku 90, umemaliza zote za mshahara kamili na 27 za nusu. Zimebaki 36 za nusu mshahara kwa kila kitakachokupata hadi mzunguko uishe, iwe upasuaji au ajali ya bodaboda. Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kulipa, na aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hajaanza kuwa na haki hii. Peleka ED mapema na ubaki na nakala, kwa kuwa kutoonekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kuridhisha kunaweza kukufukuzisha. Mtumishi wa umma amuulize afisa utumishi kuhusu Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma.

Mvuvi wa dagaa hana ED, ila ana mbalamwezi. Siku mitumbwi inapotulia kwa sababu ya mwezi mpevu ndizo za kuanza amitriptilini, maana usingizi wake wa siku za kwanza majini usiku ni hatari. Na kwa kuwa kazi yake ni ya usiku, aulize kama fluoksetini itamfaa zaidi.

Kosa la mwisho ni kuacha dawa wiki ya kurudi kazini kwa sababu "nimeshapona". Hiyo ndiyo wiki yenye mzigo mkubwa kuliko zote. Dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, na kila miadi uulize kama akiba itafika mwezi ujao, hasa ukitoka Kakonko au vijiji vya Uvinza ambako kuifuata dawa ni safari ya siku nzima. Kuacha nako ni kwa hatua, kusipungue wiki nne: aliyefika miligramu 75 za amitriptilini ashuke 50, kisha 25, akikaa wiki kadhaa kila ngazi. Usingizi ukianza tena kukatika saa tisa usiku kwa wiki mbili, rudi ngazi iliyopita na umwone daktari kabla hujaomba ED.