Corolla yenye injini ya 5A inatetemeka baada ya kubadilishiwa silinda hedi

Mkuu, pole na hiyo gari. Umesema silinda hedi imebadilishwa, sasa injini inawaka kwa shida, inatetemeka na haina nguvu, na fundi anataka ununue pampu ya mafuta. Usinunue kitu kwanza. Mwambie afungue kava ya juu mkaangalie taiming, yaani kama krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu) zinakwenda pamoja kupitia mkanda wa taiming.

Toeni plagi zote ili injini izunguke kirahisi. Zungusheni kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, mwendo wa saa, hadi alama ya puli ikae kwenye 0 ya vipimo vilivyo pembeni yake. Sasa chungulia puli ya kamshafti: ina kitundu kidogo, na kitundu hicho lazima kilingane na alama iliyo kwenye kifuniko cha bearingi nyuma yake. Kikiwa upande wa pili kabisa, msishtuke, ongezeni mzunguko mmoja wa krenki, maana krenki huzunguka mara 2 kamshafti ikizunguka mara 1. Kikiwa pembeni kidogo tu, hapo mkanda umeruka jino. Alama zikikubali, zungusheni krenki mizunguko 2 kamili kwa mkono, muangalie tena. Mafundi wengi huruka hatua hii, kumbe mkanda hujipanga baada ya tensheni (puli inayoukaza mkanda) kukaza. Ikigoma kuzunguka, msilazimishe kwa starta.

Kamshafti ya pili huendeshwa kwa gia ndani ya hedi, nazo zina alama zake.

Distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi) iwe ya mwisho kurekebishwa: injini ikiwa ya moto na inaunguruma, unganisheni kwa waya TE1 na E1, yaani matundu yenye majina hayo kwenye soketi ya uchunguzi, taa ya taiming (inayomulika alama ya puli) isome nyuzi 10 kabla ya 0.