Nilipojifungia na cherehani yangu Ujiji

Juzi dada mmoja anayeshona hapa Kigoma aliniandikia akitaka kujua kama ahame baraza analochangia na mafundi wenzake, kwa kuwa kelele zao zinamnyima mawazo mapya. Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu swali hilo mimi nililijibu kwa hasara.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nashona Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, mafundi wanne baraza moja. Nilibuni mshono wa gauni la kitenge lenye marinda ya kupishana, na kabla sijamkabidhi mteja wangu wa tatu nikaukuta umetundikwa juu ya cherehani ya jirani yangu, tena kwa bei ya chini. Sikugombana naye. Jioni ileile nilibeba cherehani yangu, nikahamia chumba cha uani Ujiji na kufunga mlango. Hadi leo tukikutana sokoni salamu yangu kwake ni fupi.

Upweke siudharau. Wiki za mwanzo nilikata mishono ambayo barazani nisingethubutu kuijaribu, maana hakuna aliyenichungulia. Niliyojivunia zaidi ilikuwa gauni lenye darizi pana mgongoni, kazi ya siku 11, niliyomshonea mama mmoja anayekaanga samaki aina ya migebuka Kibirizi. Hakulivaa. Alipitisha kiganja juu ya darizi, akanitazama.

“Mwanangu, huyu mtoto ataweka wapi shavu?”

Kutwa nzima anambeba mwanawe mgongoni. Nyuzi zile zingemkwaruza mtoto uso, na mbeleko ingeifunika darizi yote isionekane na mtu. Barazani ningeambiwa hayo kabla sijatunga uzi, tena kwa kuzomewa.

Sisi wa Kigoma hupenda kumtaja Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe aliyefika msitu wa Gombe mkoani kwetu mwaka 1960, kuwa mfano wa mtu aliyefanikiwa kwa kukaa peke yake. Ni kweli alikaa sana mlimani akiwasubiri sokwe wamzoee, lakini husahauliwa kwamba alikuja na mama yake, na kwamba alipomwona sokwe akivua mchwa kichuguuni kwa bua la nyasi, hakuificha habari hiyo, bali alimpelekea Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu aliyemtuma Gombe, aliyeiona mara moja kuwa inatikisa imani kwamba binadamu peke yake ndiye mtengeneza zana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usihame. Fika mapema, ukate kabla wenzako hawajafungua, kisha utundike kazi yako mahali watakapoiona na kuisema. Mafundi wengi siku hizi wanaogopa kuibiwa mshono kuliko wanavyoogopa kushona vibaya, nami nilikuwa wa kwanza wao.

Darizi ile niliihamishia kwenye pindo na mikono, na yule mama akachukua magauni mawili. Haukupita mwezi nikauona mshono huo barazani kwa yule jirani wa zamani. Nilimsalimu, ingawa sikusimama.