Kabla hujanunua kinga ya GPS, chomoa antena yako mwenyewe

Mtoa mada anafanya kazi kwenye kituo cha kupozea umeme. Amesoma habari za meli na ndege kupotezwa GPS, na sasa kuna muuzaji anamshawishi anunue antena ya kukinga mawimbi kwa bei ya kutisha. Anauliza mambo mawili: hii kitu huku kwetu ipo au ni ya vitani tu, na je, anunue?

Mkuu, ipo. Nimekula miaka tisa kwenye matengenezo ya minara ya simu, na kisa nitakachokupa kilitokea barabara ya Morogoro, si Bahari Nyeusi zilikopotezwa meli.

Tulikuwa na mnara jirani na maegesho ya malori. Ikifika kama saa mbili usiku, alamu inapiga: saa ya mnara imepoteza setelaiti. Kukipambazuka, kila kitu kinarudi sawa. Ukienda mchana huoni kosa. Tukabadilisha antena, ile ndogo ya umbo la uyoga. Tukabadilisha waya. Tukafungua viungio kutafuta maji. Kuna mwenzetu mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba ni kinyesi cha ndege, na bosi akakubali, maana mwezi ulikuwa unaisha. Aliyetufumbua macho ni mzee mlinzi wa saiti. Alituambia, "Wanangu, mnakuja mchana, malori yanalala hapa usiku."

Tukarudi usiku na mashine ya kupimia masafa. GPS ya kiraia iko kwenye megahezi 1575.42, na kwa kawaida ukiangalia pale huoni kitu, maana mawimbi yenyewe yamezama chini ya kelele za kifaa chako. Usiku ule kwenye kioo cha mashine palikuwa na kilima cha mawimbi. Tukakifuata na antena ya mkononi mpaka kwenye lori moja, dereva amelala. Kwenye tundu la kuwashia sigara amechomeka kidude kisichozidi kidole gumba, cha kupigia kelele mawimbi ya GPS yasisikike. Alipoamka hakukataa. Alisema tajiri wake anamfuatilia kila dakika, na yeye kwao ni kilomita chache kutoka pale, anapenda kupitia kusalimia watoto. Alidhani kidude kinazima GPS ya lori lake tu. Usiku uliofuata tulikuta malori mengine mawili yenye vidude hivyohivyo.

Kilichonichekesha zaidi ni kwamba malalamiko yaliyotufikisha pale yalitoka kwa madereva wenyewe. Walikuwa wanasema intaneti ya eneo lile inakufa kila usiku wa manane!

Kwa nini inakufa usiku wa manane wakati setelaiti zimepotea saa mbili? Mtandao wetu wa 4G pale ulitumia masafa mamoja kwa kupokezana: kidogo mnara unaongea, kidogo unasikiliza. Minara jirani lazima iongee na kunyamaza kwa pamoja, na kosa linaloruhusiwa ni kama maikrosekunde 1.5, yaani sekunde moja na nusu ukiigawanya mara milioni. Muda huo unachukuliwa kwenye GPS. Ikipotea, mnara unajishikiza kwa saa yake ya ndani ya kwatzi, ambayo inahimili saa chache tu kabla haijaanza kuteleza. Muda tuliouweka ukipita, mtambo unazima wenyewe ile 4G ili usiwavuruge majirani. 2G inabaki, watu wanapiga simu na kutuma pesa kama kawaida, kwa hiyo hakuna anayekurupuka usingizini.

Ndiyo maana kwako wewe swali la "GPS inatuonyesha tuko wapi" halina maana. Kituo chako hakihami. Unachokula kutoka kwenye setelaiti ni saa.

Na saa hiyo inafika ikiwa dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Setelaiti iko kilomita 20,200 juu. Nguvu inayofika kwenye antena yako ni kama kuchukua wati moja ukaigawa kwa elfu kumi, kisha kwa milioni, kisha kwa milioni tena. Ni mnong'ono katikati ya Kariakoo, halafu inapita bajaji ya matangazo na spika mbili. Bajaji haihitaji kuwa na nia mbaya.

Wamarekani walipata somo hilohilo uwanja wa ndege wa Newark, ambako mfumo wa kusaidia ndege kutua ulikuwa unasumbuliwa. Kufuatilia, wakamkuta mtu mwenye pikapu ya kampuni, kidude kwenye tundu la sigara, hataki mwajiri ajue alipo. Mwaka 2013 mamlaka yao ya mawasiliano ilipendekeza atozwe faini ya dola 31,875. Kwa hiyo ukiniuliza ni nani adui wa kituo chako, nitakujibu dereva aliyemkumbuka mama watoto kabla sijakutajia jeshi la nchi yoyote.

Sasa sisi tulifanya nini. Kwanza tuliripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, maana masafa yana mwenyewe na kuwasha mtambo wa redio usio na leseni ni kosa. Lakini dawa iliyofanya kazi wiki ileile ilikuwa ya bure, au niseme ya mita chache za waya. Antena yetu ilikuwa imefungwa ukingoni mwa kontena, inatazamana na maegesho uso kwa uso. Tukaihamishia upande wa pili, chini kidogo, kontena lenyewe likawa ukuta kati yake na malori. Setelaiti ziko angani, kidude kiko ardhini. Chochote kinachofunika upande wa ardhini bila kufunika anga ni kinga. Alamu zilipungua sana. Baadaye tukaleta saa ya pili kupitia mkongo kutoka kituo kikubwa chenye saa ya atomu ya rubidi, ambayo inaweza kukaa takriban siku nzima bila setelaiti na bado ikawa ndani ya kiwango. Hapo ndipo nikaanza kulala.

Jambo la mwisho hatukulifanya sisi, walilifanya wenye malori: mfumo wa ufuatiliaji uhesabu kupotea kwa setelaiti kuwa tukio la kujieleza, badala ya kuwa nafasi tupu kwenye ripoti. Dereva akiona kidude ndicho kinachomshtaki, anakitupa mwenyewe.

Turudi kwenye antena ya muuzaji wako. Si utapeli. Zipo zinazoweza kuziba masikio upande unakotoka usumbufu, na zinafanya kazi. Ila mwulize itakusaidiaje siku kosa likitoka juu kwenyewe. Tarehe 26 Januari 2016, wakati Wamarekani wanaiondoa setelaiti moja kongwe kazini, data yenye kosa ilipakiwa kwenye baadhi ya setelaiti nyingine na muda ukawa umepotoka kwa maikrosekunde 13.7. Hakuna aliyeziba mawimbi. Yalikuja safi kabisa, yakiwa na uongo ndani. Mitambo ya simu sehemu mbalimbali ikapiga alamu, na redio ya kidijiti ya BBC ikayumba. Antena ghali ingepokea uongo ule kwa ubora wa hali ya juu. Kinachokuokoa hapo ni saa ya pili yenye asili tofauti, na kifaa chenye akili ya kukataa pale saa mbili zinapogombana. Mawimbi ya kughushi nayo ni hivyohivyo. Meli zaidi ya 20 za Bahari Nyeusi, zile za Juni 2017 zilizojiona ziko uwanja wa ndege karibu na Novorossiysk, bandari ya Urusi, hazikukosa mawimbi. Galileo, mfumo wa setelaiti wa Ulaya unaofanana na GPS, siku hizi inatia muhuri kwenye ujumbe wake ili mpokeaji atambue wa kughushi, lakini lazima mpokeaji wako awe anajua kuusoma, na muhuri haumzuii mtu kukupigia kelele.

Kwa upande wa umeme una nafuu moja kuliko sisi. Vipimo vya pembe za umeme kwenye gridi ya hezi 50 vinavumilia kosa la muda la karibu maikrosekunde 31 kabla kosa la kipimo halijavuka asilimia 1. Ila kama mnatumia mfumo wa kutafuta hitilafu ya laini kwa kulinganisha muda ambao mshtuko wake unafika kwenye ncha mbili za laini, kila maikrosekunde ya kosa inakusogeza kama mita 150. Fundi atapanda nguzo isiyo na shida, porini, mvua inanyesha.

Kwa hiyo usinunue kitu bado. Omba kibali, chagua siku tulivu, weka mtu kwenye mitambo, halafu chomoa antena ya saa. Usiguse ulinzi wa laini iliyo hai bila watu wa ulinzi kuwepo. Kaa saa nane, andika nini kimelia na saa ngapi, nani kapigiwa simu, na nini hakikulia ingawa kilipaswa kulia. Halafu, na hili watu wengi hulisahau, zima kifaa kimoja na ukiwashe tena antena ikiwa bado nje. Sisi tulipofanya hivyo, kifaa kimoja kiliamka kikiamini ni Januari 1980, maana huko ndiko hesabu ya muda wa GPS inakoanzia. Vyeti vyake vya usalama vya kidijiti, ambavyo huangalia tarehe, vyote vikawa batili, kikatufungia nje. Kilikuwa kimestahimili saa nane bila setelaiti, kikashindwa na kukatika umeme kwa dakika mbili. Na umeme unavyokatika, wewe unajua kuliko mimi.

Ukimaliza rudi hapa na orodha, bila kutaja kituo. Tuambie pia antena yako inatazama wapi na ina barabara umbali gani. Picha ya paa tu inatosha.