Sanduku la Maswali: Loudness, santuri ya Japani na umeme wa Mbeya

SWALI: Nimesikia "Crazy Nights" ya Loudness kwenye simu ya rafiki yangu, sasa naitaka albamu nzima. Ni ipi, na wanaimba Kijapani? (Msomaji, Soweto, Mbeya)

JIBU: Albamu ni Thunder in the East, ya mwaka 1985, na wimbo huo ndio unaoifungua. Imeimbwa Kiingereza. Loudness ni bendi ya heavy metal ya Japani, ilianzishwa Osaka mwaka 1981: Minoru Niihara kwenye sauti, Akira Takasaki kwenye gitaa, Masayoshi Yamashita kwenye besi na Munetaka Higuchi kwenye dramu. Prodyuza alikuwa Max Norman, ambaye tayari alikuwa ameshafanya kazi na mwimbaji wa metal Ozzy Osbourne, na mkono wake unausikia hasa kwenye dramu: pana, kavu, hazimezwi na gitaa. Huko Marekani ilifika nafasi ya 74 kwenye chati ya albamu ya jarida la muziki la Billboard, na Lightning Strikes ya mwaka uliofuata ikapanda hadi ya 64.

Usiishie kwenye wimbo wa kwanza. "Like Hell" unaoufuata ndio unaomwonyesha Takasaki vizuri zaidi. Na kama ni Kijapani unachotaka, tafuta Disillusion ya 1984. Ipo ya Kijapani na ipo ya Kiingereza, kwa hiyo angalia unauziwa ipi. Tungekushauri ya Kijapani. Niihara kwenye lugha yake hana breki.

SWALI: Nimenunua mashine ya santuri iliyotumika, imetoka Japani pamoja na Thunder in the East yenyewe. Fundi amenifungia transfoma ya kushusha umeme. Inazunguka vizuri, ila mwimbaji anaimba kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Nimebadilisha mkanda wa mpira unaoizungusha, hali ni ileile. Santuri imekufa? (Msomaji, Uyole)

JIBU: Santuri haina kosa, na huo mkanda wa zamani huenda nao haukuwa na kosa. Mkanda uliolegea huifanya sauti iyumbe, ipande na kushuka. Yako imeshuka na kubaki hukohuko chini, na hiyo ni dalili ya mota.

Transfoma inashusha volti, 230 zinakuwa 100. Haigusi Hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni Hezi 50. Japani ina umeme wa aina mbili: Tokyo na mashariki wanatumia Hezi 50, Osaka na magharibi Hezi 60. Mota ya AC ya mashine nyingi za zamani hufuata Hezi, haifuati volti. Kama yako ilitengenezwa kwa Hezi 60 (upande wa akina Loudness wenyewe!), hapa Uyole itazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake.

Pima kabla ya kufungua kitu. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani inayobeba santuri, washa kwenye kasi ya 33, hesabu mizunguko kwa dakika 3. Mashine nzima inatoa mizunguko 100 kamili. Ukipata 83, jibu umelipata. Dalili nyingine ni wimbo wa dakika 4 kuchukua dakika 4 na sekunde 48. Mpiga gitaa atakwambia wimbo umeshuka kama freti tatu.

Sasa soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa "50/60Hz", ondoa sahani utazame puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda. Mara nyingi kuna ngazi ya ziada ya kuhamishia mkanda, au puli nyingine ya kubadilisha, maana kiwanda kilikuwa kinauza pande zote mbili za nchi. Ngazi mbili za 33 na 45 zisikuchanganye. Hizo ni za kasi ya santuri, mizunguko kwa dakika. Wala usijaribu ujanja wa kuiweka kwenye 45, itakwenda 37.5 na Niihara atageuka mtoto.

Kikisema "60Hz" peke yake, mpelekee fundi wa kukereza vyuma puli hiyo akuchongee nyingine ya shaba. Usimwambie tu "ongeza asilimia 20", kwa sababu unene wa mkanda nao unahesabiwa. Chukua kipenyo cha puli, jumlisha unene wa mkanda, zidisha kwa 1.2, kisha toa unene wa mkanda. Puli ya milimita 10 na mkanda wa milimita 0.6 inakuwa milimita 12.12. Akikosea milimita 0.1, mwendo unapotoka karibu asilimia 1, na sikio la mwanamuziki litalalamika. Tundu la katikati likae sawasawa kwenye mhimili. Likienda upande utaanza kusikia kuyumba ambako hukuwa nako. Kasi ya 45 ina ngazi yake, nayo ipigiwe hesabu hiyohiyo.

Mashine ambayo sahani imekaa moja kwa moja juu ya mota, yenye kudhibitiwa na fuwele ya kwatzi, haina ugonjwa huu. Ukinunua tena, tafuta hiyo.

Na transfoma iwe ya volti 100, si 110 ya vifaa vya Marekani. Wati 50 zinatosha kabisa.

SWALI: Kwenye gari tulilotoa Japani nimekuta kaseti imeandikwa ラウドネス. Ndani ina unga mweupe. Niiweke? (Dereva, Tukuyu)

JIBU: Hayo maandishi yanasomeka "Raudonesu", yaani Loudness. Usiiweke! Unga huo ni ukungu, na kwa mvua za Tukuyu unastawi kuliko migomba. Ukiicheza, utaujaza kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma tepu, kisha utahamia kwenye kaseti zako zote.

Toka nje, funga pua na mdomo. Kama ganda lina skrubu tano, lifungue, futa kingo za mizunguko ya tepu kwa kitambaa laini kikavu. Kisha izungushe tepu yote kwa kalamu, polepole, ikipita katikati ya kitambaa kilichokunjwa, kwenda na kurudi. Usitumie maji. Angalia na kile kispongi kidogo chenye kitambaa kinachoisukuma tepu kwenye hedi. Kikibanduka, matoazi yote yanapotea na watu husema tepu imechoka. Kigundishe kwa tone dogo la gundi. Ganda lisilo na skrubu limeunganishwa kwa moto. Hilo utalivunja na kuhamishia tepu kwenye ganda la kaseti nyingine.

Kaseti iliyolala garini usiku wa baridi iache ndani ya nyumba saa moja au mbili kabla ya kuicheza, vinginevyo unyevu utaifanya inate.

SWALI: Gitaa langu lina briji inayoelea, ile inayoshika nyuzi na kuvutwa na springi. Nikikaza uzi mmoja, nyingine tano zinashuka. (Mpiga gitaa, Iringa)

JIBU: Nyuzi zinavuta upande mmoja (seti ya unene wa 9 hadi 42, elfu za inchi, huvuta karibu kilo 38), springi za mgongoni zinavuta upande wa pili. Ukiongeza huku, briji inainama na nyuzi nyingine zinalegea. Fungua kufuli za shingoni, weka skrubu ndogo za kutunia zilizo kwenye briji katikati, kisha tuni nyuzi zote kwa mzunguko mara nne au tano bila kukasirika. Briji ikiinuka nyuma, kaza skrubu mbili kubwa zinazoshika springi, robo mzunguko kila moja, ikizama, zilegeze. Tuni tena. Ikikaa sambamba na mwili wa gitaa, ndipo ufunge kufuli. Uzi ukikatika katikati ya shoo, weka gitaa chini uchukue jingine. Nyuzi tano zilizobaki zote zitakuwa zimetoka kwenye tuni.